Nyuma ya Bega la Mama

Baba alikuwa na sheria moja kuhusu kamera yake: picha isiyo na mtu ni mkanda uliotupwa. Mkanda ulikuwa na picha 36, ukinunuliwa Tanga kwa hela iliyowekwa akiba, na picha hizo 36 zilitakiwa zitoshe Idi mbili, harusi moja, mgeni wa ghafla na mtoto atakayezaliwa. Kupiga mti peke yake, au mlima, au maji, kwake kulikuwa sawa na kumwaga chumvi njiani. Kwa hiyo katika karibu picha zote alizopiga Amani, kwenye milima ya Usambara, kati ya mwaka 1982 na 1989, watu wako katikati, wamesimama wima, mikono imenyooka ubavuni, macho yanaikazia lenzi kama wanaosubiri kuitwa majina. Msitu uko nyuma yao. Uko pale bega linapoishia, chini ya kwapa la mtu, juu ya kilemba, kwenye pembe ambazo baba hakuziangalia alipobonyeza.

Mimi nimekuwa mpiga picha wa mandhari. Kwa zaidi ya miaka 20 nimepiga milima, mikoko, mito na mawingu, na katika kazi zangu ni nadra kumwona mtu. Baba aliziona picha zangu za kwanza sebuleni kwetu Tanga. Alizigeuza moja moja, taratibu, akafika ya mwisho, akarudi ya kwanza. "Nzuri," akasema. Kisha akauliza: "Watu wako wapi?" Nikampa jibu refu kuhusu mwanga na utulivu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa uvumilivu uleule aliokuwa nao kwa wageni wa kituo cha utafiti alichofanyia kazi, na hakuuliza tena.

Alifariki mwaka 2017. Bati lake la biskuti likaja kwangu kwa sababu katika familia mimi ndiye mtu wa picha. Ndani yake mlikuwa na picha 71, vipande vya negativu vilivyofungwa kwa karatasi ya daftari, na nyuma ya kila picha maneno machache ya kalamu ya risasi: mwezi, mwaka, majina ya waliosimama. Hakuna hata moja aliyoandika mahali. Kwake mahali palikuwa palepale, nani angesahau? Waliohitaji kuandikwa ni watu, kwa kuwa watu huondoka.

Nilikaa na bati lile miaka mitano. Jioni moja, nikiwa nimeishika picha ya mama ya mwaka 1984 chini ya taa, niligundua kwamba sikuwa nikimtazama mama. Nilikuwa natazama nyuma ya bega lake la kushoto, kwenye kipande cha mto kisichozidi upana wa kidole gumba. Na ghafla miguu yangu ilikumbuka baridi ya maji yale.

*

Nilikwenda Amani mwezi wa saba, mwaka 2022. Kutoka Tanga hadi Muheza ni njia ya mkonge na machungwa, na mimi niliipita bila kutoa kamera. Kutoka Muheza barabara inaelekea milimani, na baada ya vijiji kadhaa inafika Sigi, chini kabisa ya mlima. Hapo ndipo Wajerumani walipoishilizia reli yao ndogo kutoka Tengeni, reli ya kubebea mbao na mazao. Reli haipo siku nyingi, ila nyumba ya stesheni ingalipo, na leo ndimo wageni wa hifadhi wanamoandikishwa. Tulipokuwa watoto nyumba hiyo ilikuwa alama tu: ukiiona ukishuka, unakwenda mbali, ukiiona ukipanda, umeshafika nyumbani.

Kupanda kutoka Sigi hadi Amani ni kona juu ya kona. Sehemu ya chini ina joto la pwani bado. Halafu katika kona mojawapo, ambayo sijawahi kuweza kuitabiri, hewa inabadilika. Inakuwa nzito na ya baridi, ina harufu ya majani yaliyolowa na udongo uliofunikwa siku nyingi. Baba akitoka Muheza alikuwa anavuta pumzi hapo kwa sauti, kama mtu aliyetua mzigo. Nilijikuta nafanya hivyohivyo ndani ya gari la watu, na mama mmoja aliyekaa pembeni yangu akanipa pole akidhani nimechoka.

Amani ni mahali pa ajabu kidogo kwa mtoto kukulia, ingawa tulikuwa hatujui. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha hapo kituo cha utafiti wa kilimo na mimea, wakapanda miti kutoka pande zote za dunia: mikwinini ya dawa ya malaria, mikafuri, mipira, na mingine ambayo pwani haijaiona. Waingereza wakakiendeleza, kisha shughuli za kilimo zikahamia Muguga, Kenya, na majengo yakaja kutumika kwa utafiti wa malaria. Humo ndimo baba alimofanya kazi, upande wa maabara, akihesabu mbu. Kwa hiyo tulicheza kombolela chini ya miti ya Brazili na ya India tukiamini ni miti ya kwetu, na tulikuwa na haki hiyo, maana mti uliosimama hapo miaka 80 umekwisha kuwa mwenyeji.

Kamera aliipata hapohapo. Mtafiti mmoja aliyekuwa anarudi kwao alimuuzia Zenit, kamera ya Kirusi, nzito kama tofali, yenye lenzi ya milimita 58. Uzuri wake ni kwamba haikutumia betri. Kipimo chake cha mwanga kilijiendesha kwa mwanga wenyewe, na katika miaka ile ambayo betri ya redio ilianikwa juani ili iongeze maisha ya siku mbili, kamera isiyodai betri ilikuwa mali. Mkanda ulipokwisha ulishuka na mtu anayekwenda Tanga kusafishwa, na picha zilirudi baada ya wiki tatu au miezi mitatu. Tulizipokea kama barua.

*

Kuna namna ya kupatafuta mahali kwa kutumia picha ya zamani, na nitaieleza kwa sababu imenifundisha kitu. Usitafute kitu kimoja. Jiwe moja halikwambii uliposimama, wala mlima mmoja. Tafuta viwili: kimoja cha karibu na kimoja cha mbali, vilivyogusana ndani ya picha. Ncha ya jiwe inayogusa shina la mti wa nyuma, kwa mfano. Ukisogea hatua moja kulia, vinaachana. Ukisogea kushoto, kimoja kinakifunika kingine. Unasogea hivyo, picha mkononi, mpaka vinagusana tena kama zamani. Hapo uko kwenye mstari mmoja na mpigaji. Kama lenzi yako ina upana sawa na yake, vitu vinaijaza picha kama vilivyoijaza yake, na umeinama kiasi cha urefu wake, basi jicho lako liko mahali palipokuwa jicho lake.

Sikujua kwamba baba alikuwa mfupi kuliko mimi. Niligundua kwa magoti, Dodwe, nilipolazimika kukunja miguu ili jiwe na shina vikutane.

Dodwe ni kijito kinachopita Amani, na picha ya mama ya mwaka 1984 ilipigwa kwenye ukingo wake. Nilikitafuta asubuhi mbili. Asubuhi ya kwanza nilifuata njia ya wageni, yenye vibao, na sikuambulia chochote. Ya pili niliacha vibao nikafuata kelele. Tulikuwa tunafua sehemu ambayo maji yanateremka kwa sauti ya mtu anayekoroma, na sauti hiyo bado ipo. Jabali ni lilelile, na ufa wake wa kushuka kushoto. Mti wa nyuma, wenye mizizi mipana kama kuta, umeanguka siku nyingi na kuoza. Umebaki mgongo wa ukoga na uyoga. Nililazimika kuutumia mzizi uliobaki kwa makadirio.

Kwenye picha, pembe ya chini upande wa kulia, pana doa jeupe-jeupe. Picha ni nyeusi na nyeupe, na doa lile nililijua tangu utoto. Mama alisema ni dawa ya studio iliyomwagika. Baba alisema ni mwanga ulioingia. Lilikuwa sehemu ya picha kama chale sehemu ya uso. Nilipokwisha kufunga kamera kwenye stendi na kuchungulia, niliangalia pembe ile ili nione nini kinalijaza doa safari hii. Kulikuwa na maua. Kishada cha dughulushi kimeng'ang'ania jabali, majani yake mviringo yenye manyoya, maua ya zambarau yenye kitovu cha njano, yakitetemeka kwa mvuke wa maji.

Nilikaa chini. Miaka 38 familia yetu imekuwa ikilaumu studio kwa ua.

Ua lenyewe lina habari ndefu. Mwaka 1892 Mjerumani aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliokota katika milima hii na kumpelekea baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaliandika kwa jina la ukoo wao, Saintpaulia. Leo limo kwenye vyungu madirishani Ulaya na Marekani, limezalishwa kwa rangi zisizohesabika, na wengi wanaolimwagilia hawajui kwamba ndugu zake wanaishi kwenye majabali yenye kivuli ya Usambara, na kwamba huku kwao ndiko linakopungua, maana likikosa kivuli na unyevu halina pa kukimbilia. Sisi tulifulia nguo kando yake. Sikumbuki kulichuma hata mara moja; halikuwa ua la kuchuma, lilikuwa ngozi ya jiwe.

Nilimpigia mama simu kutoka pale Amani palipo na mtandao. Ana miaka 74 na masikio yake ni mazima. Nikamwambia kuhusu doa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi ndiyo maana baba yako alinisogeza. Nilikuwa nimesimama kwenye maua, akaniambia sogea kushoto, utayakanyaga." Sikuwahi kuisikia habari hiyo. Yaani aliyaona. Alimsogeza mama, akayaacha pembeni, akapiga picha ya mama.

*

Mahali pa pili, kilima cha Mbomole, nitapasema kwa ufupi, kwa kuwa nilichokikuta huko si kumbukumbu yangu tu, kinahusu msitu mzima. Picha ya baba ni ya Idi ya mwaka 1985: watoto saba, baba mdogo mmoja, shati jeupe kwa kila mvulana. Nyuma yao milima inafuatana. Nikiikuza negativu kwenye kompyuta naona mistari myeupe kwenye mgongo wa mlima wa pili, kama mikwaruzo ya kucha. Ni njia za magogo. Miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980 ukataji wa miti kwa mashine ulipanda mpaka huku, na usiku kitandani tulisikia malori yakilia kwenye kona. Sikuwa na habari kwamba ile ni sauti ya msitu ukiondoka. Nilidhani ni sauti ya usiku.

Leo, kutoka mahali palepale, mikwaruzo haipo. Migongo yote imefunikwa kijani. Nilifurahi, na hapo ningekwisha kuondoka na picha nzuri kama si mlinzi wa msitu niliyefuatana naye. Alinyoosha kidole: "Unaona ile kijani iliyopauka, imekaa kama miavuli? Ile ni mihesi." Mhesi si mti wa Usambara. Kwao ni magharibi, upande wa Ziwa Viktoria hadi Kongo, na uliletwa hapa kupandwa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Miti mikubwa ilipokatwa na jua likaingia, mhesi ukapata nafasi yake: unakua haraka, unazaa sana, na hondohondo wanayapenda mno matunda yake. Wanameza hapa, wanadondosha mbegu kule. Ndege wa msitu wenyewe ndio walioutawanya. Hivyo kijani kile kilichofuta mikwaruzo ya mwaka 1985 kwa sehemu kubwa ni kovu, na mimi nilikuwa nimeshakipiga mara nyingi huko nyuma na kukiita msitu wa asili. Tangu siku ile siandiki tena maneno hayo chini ya picha kabla ya kumuuliza mtu anayeijua miti kwa majina.

*

Mahali pa tatu sikuweza kupapata peke yangu.

Bibi, mzaa baba, alikuwa na shamba la iliki upande wa Derema. Mimi nimepewa jina lake, ndiyo maana shangazi yangu, binti yake wa mwisho, ameniita "mama" tangu nikiwa sijaota meno. Shamba lilikuwa ndani ya msitu hasa. Iliki haitaki jua kali: unaiacha miti mirefu ifunike, unafyeka vichaka na miche ya chini, unapanda mashina kwenye kivuli. Haizai juu kama matunda mengine. Tumba zake zinatoka chini, kwenye vikonyo vinavyotambaa juu ya udongo, kwa hiyo kuvuna iliki ni kuinama au kuketi, na kazi hiyo ikawa ya wanawake na watoto. Likizo zote nilizitumia huko. Ukikaa chini ya mashina yale yanakuzidi kimo mara mbili, majani marefu yanafungana juu ya kichwa, na mwanga unaokufikia ni wa kijani kama ndani ya chupa. Nikitafuta nilianza wapi kuupenda mwanga, ni pale. Vidole vinanukia iliki mpaka shule inapofunguliwa, na mwalimu aliweza kutujua watoto wa Derema kwa daftari zetu.

Bibi alikausha tumba juani kwenye mkeka au, mvua ikikaza, juu ya moto mdogo ndani ya kibanda, usiku kucha, akizigeuza kwa kiganja. Zikipata moto mwingi zinapasuka na kupoteza bei. Iliki ilisomesha watoto wake watano. Iliki ilijenga nyumba ya bati. Baba mwenyewe alifika maabara kwa iliki.

Lakini shamba la iliki lina gharama yake kwa msitu, na sitaificha kwa sababu ni ya bibi yangu. Miche inapofyekwa kila mwaka, mti mkubwa ukifa hauna mrithi. Baada ya miaka kadhaa mashina yanachoka, mkulima anasogea mbele kidogo, anafyeka tena. Mwaka 1997 Amani ilitangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia, ya kwanza ya aina yake nchini, hekta 8,380. Derema ilikuwa nje, ukanda mwembamba unaounganisha misitu ya kusini na ya kaskazini, na wataalamu waliona kwamba ukikatika, wanyama na mimea ya pande mbili itatengana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mipaka ikapigwa. Mashina yakahesabiwa. Zaidi ya wakulima elfu moja walikuwa na mazao humo, na bibi alikuwa mmoja wao.

Baba alikwenda kusimama naye siku ya kuhesabu. Alinihadithia mara moja tu, na alichonihadithia hakikuwa hasira. Alisema bibi aliwatangulia wahesabuji, akiwaonyesha mashina mazee yaliyojificha nyuma ya magogo ili yasisahaulike, halafu alipofika mwisho wa shamba akaketi akaanza kuvuna. Ilikuwa zamu ya kuvuna. Fidia ilichukua miaka, na ilipofika haikulingana na kile ambacho shamba lingetoa katika miaka ileile. Bibi aliipokea, akanunua mashuka na mbuzi wawili. Alifariki kabla sijapata kumuuliza neno lolote la maana.

Naamini ukanda ule ulistahili kulindwa. Nimesoma, nimetembea, nimeona vitu vinavyoishi humo na visivyoishi mahali pengine, na vijito vya milima hii vinashuka Mto Zigi hadi bwawa la Mabayani, ambako Tanga nzima inachota maji yake ya bomba. Tulipohamia Tanga mwaka 1989 nililia kuacha mto, na kumbe kila nilipofungua bomba ulikuwa umenifuata. Naamini hayo yote. Na bado kwenye ramani, pale palipokuwa na jiko la bibi yangu, pana kijani kitupu, na kila ninapoiona ramani hiyo moyo wangu unakataa kusema kwamba hapo hapakuwa na mtu.

*

Shangazi ana miaka 78. Nilipomwambia nataka kwenda, na kwamba nimeshaomba ruhusa na tutapewa mlinzi wa kutuongoza, aliuliza jambo moja: "Tutapita njia ya juu au ya chini?" Nikasema sijui. "Basi nitakwenda."

Tuliondoka alfajiri, ukungu umekaa mpaka kifuani. Nilikuwa na picha ya mwaka 1987 ndani ya plastiki. Bibi ameketi, ungo wa iliki mapajani, kiganja kimoja hewani kana kwamba anamzuia baba asipige. Nyuma yake ni ncha ya kibanda na shina la mnyasa mkubwa lenye kovu refu. Ncha ya paa na kovu vinagusana. Nilikuwa na vitu vyangu viwili, cha karibu na cha mbali. Kibanda sikukitarajia, niliutegemea mnyasa.

Baada ya saa moja na nusu nilikuwa nimeshaisimamisha safari mara nne mbele ya minyasa minne. Kila mara nilitoa picha. Mara ya nne shangazi aliweka mkono juu yake.

"Hiyo weka, mama. Unatafuta kwa macho, na macho hapa yamefunikwa."

Akatangulia. Sijui niseme alifuata nini. Alipita pasipo njia, akashuka, akashika mti, akasimama kama mtu anayepima chumvi ulimini, akaendelea. Mahali fulani aliinama akashika goti lake la kulia. "Hapa nilianguka na debe la maji, mwaka alioolewa dada," akasema, "goti linapajua." Kutoka hapo hakusita tena. Alihesabu hatua kwa sauti ya chini kwa Kisambaa, akageukia kulia, akasimama.

"Jiko."

Sikuona jiko. Niliona miche myembamba ya miti imejazana, urefu wa nyumba, na kamba za msitu zimening'inia. Ilikuwa miche ileile ambayo bibi alikuwa akiifyeka. Imepata miaka 20 ya kuachwa na imeitumia yote. Kwa jicho la kazi yangu palikuwa pazuri sana: ukungu nyuma, mashina meusi mbele, mwanga wa upande. Shangazi alipiga magoti, akafukua majani makavu kwa mikono miwili, na mafiga yakatokea. Mawili. La tatu alilitafuta kidogo, akalipata chini ya mzizi uliolikumbatia nusu yake.

Hakulia. Aliyapangusa kwa ncha ya khanga, moja moja, kama mtu anayeosha nyuso za watoto. Mlinzi wetu, kijana ambaye huenda hakuwa amezaliwa mashina yalipohesabiwa, alivua kofia. Kisha akasema jambo ambalo nitalikumbuka: "Bibi, mimi napita hapa kila wiki, sikujua nilikuwa napita jikoni kwa watu."

Mnyasa ulikuwa hatua 15 nyuma yetu, kovu limekaribia kufungana. Nilikuwa nimeshaupita bila kuutambua kwa sababu nilikuwa natazama kovu la mwaka 1987.

Nikafunga stendi. Paa halikuwapo la kugusana na kovu, nikatumia mafiga na kukisia. Nilikunja magoti kufikia urefu wa baba, safari hii bila kufikiri. Kwenye kioo cha kamera kulikuwa na miti, ukungu, mwanga uliotulia. Picha ninayoijua, niliyoipiga mara elfu. Shangazi alikuwa pembeni yangu, nje ya picha, ananitazama.

"Unapiga nini, mama?"

"Hapa alipokaa bibi."

"Mbona hakuna mtu?"

Sikujibu. Akatoka ubavuni mwangu, akaingia mbele ya lenzi kwa hatua za mtu aliyeitwa, akafika kwenye mafiga, akajifunga khanga vizuri, akasimama wima. Mikono ikanyooka ubavuni. Akaikazia lenzi macho. Nilimwambia anaweza kukaa, anaweza kutazama kokote apendako, akatikisa kichwa kwa kuwa hivyo sivyo mtu anavyopigwa picha. Nikabonyeza. Nyuma ya bega lake la kushoto kovu la mnyasa lilionekana kwa upana wa kidole gumba.

Nilikuwa nakunja stendi aliponiacha. Alikuwa ameona jani refu chini ya vichaka, akalifuata, akaona jingine mbele yake. Iliki haijafa Derema. Imekonda, imerefuka ikitafuta mwanga, inazaa kidogo kwenye kivuli kilichozidi, lakini ipo, shina hapa, shina pale, kwenye mistari ambayo ukiwa na subira unaweza kuisoma. Shangazi alikuwa anaisoma. Khanga yake ilipotea nyuma ya mti mmoja, ikatokea, ikapotea tena. Mlinzi alitaka kumfuata nikamzuia kidogo. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda kutoka bondeni na sikuweza kumwona tena, nikawa nasikia majani tu. Halafu sauti yake ikapanda kutoka chini ya miti, nyepesi, ya haraka, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Mama! Mama, njoo uone! Huku zimezaa!"

Nikaitika.